Wangila, Bondia wa Kilo 67

Ukienda Bungoma siku ya soko ukaita kwa sauti jina la Wangila, hapana shaka watageuka watu kadhaa. Ukipanda hadi Kitale ukafanya vivyo hivyo, mambo yatakuwa ni yale yale. Ni jina la Wabukusu, na hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa njiani, mama yake akiwa safarini. Wa kike huitwa Nangila. Lakini nje ya nchi hiyo ya mahindi na miwa, Wangila anayejulikana ulimwenguni ni mmoja tu. Huyo ni marehemu Robert Napunyi Wangila, aliyeipatia Kenya medali ya dhahabu ya ndondi katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988.

Watu wa pwani wanamkumbuka kwa jambo jingine pia. Marehemu alikuwa ameingia katika dini ya Kiislamu, na alipofariki dunia mazishi yake yalizua mabishano makubwa. Hayo tutayafikia kwa wakati wake.

Ipo na sababu ya tatu ya kuyaeleza maisha yake. Siku hizi vijana wengi, na wazee wasio wachache, wanataka mambo mawili kwa pamoja: kupunguza unene na kujenga misuli. Wengi wao huambiwa kwamba mambo hayo hayachanganyiki. Kwamba anayetaka misuli sharti ale mpaka anenepe kwanza, na anayetaka kupungua sharti akubali kudhoofika. Bondia ni mtu ambaye kazi yake yote ni kuukanusha usemi huo. Hupandishwa kwenye mizani kama gunia la mahindi, na akizidi hata kidogo hapigani. Lakini akishuka katika mizani hiyo hana nguvu, atapigwa.

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Jina lake ni la magharibi, lakini alizaliwa katika mji uliojaa watu waliotoka huko kutafuta kazi. Reli ya kwenda Uganda inapita Bungoma, na tawi lake lilifika Kitale mwaka 1926. Kwa njia hiyo mahindi yaliteremka kwenda mjini, na watu wakateremka pamoja nayo. Katika mitaa ya wafanyakazi ya Nairobi kijana asiye na mali aliweza kujifunza ndondi, kwa kuwa ndondi hazidai mengi: kamba ya kuruka, gunia la kupiga, glavu za kuazimana na kocha mkali.

Wala hakukuta uwanja mtupu. Kenya ilikuwa imekwisha kujijengea jina katika mchezo huo. Philip Waruinge alipata shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na fedha kule Munich mwaka 1972. Katika michezo hiyo ya Munich, Samuel Mbugua na Dick Murunga walirudi na shaba. Mwaka 1984 kule Los Angeles, Ibrahim Bilali naye akapata shaba. Yafaa msomaji amtie maanani huyo Murunga, maana alipigana katika uzani wa welta, ndio uzani ule ule ambao Wangila alikuja kuutawala miaka 16 baadaye.

Na huo uzani wa welta ni kitu gani? Katika ndondi za ridhaa za miaka ile mabondia waligawanywa makundi 12, kuanzia wembamba wa kilo 48 hadi majitu ya zaidi ya kilo 91. Welta walikuwa wale waliozidi kilo 63 na nusu, lakini wasiopita kilo 67. Tena mizani haikuwa ya mara moja. Kila asubuhi ya siku ya pambano bondia alipimwa upya. Kwa hiyo katika mashindano ya siku nyingi hakuweza kula apendavyo leo akategemea bahati kesho.

Hebu na tufanye hesabu ndogo. Tuseme wapo watu wawili, kila mmoja ana kilo 67 kamili. Wa kwanza, sehemu 20 katika 100 za mwili wake ni shahamu. Basi amebeba kilo 13 na zaidi za mafuta. Wa pili ana sehemu 10 tu katika 100. Amebeba kilo zisizofika 7. Mizani inawaona sawa, lakini yule wa pili ana karibu kilo 7 zaidi za vitu vyenye kazi, na sehemu kubwa ya hizo ni misuli. Wakipanda ulingoni, tofauti itaonekana kabla ya kengele ya kwanza kulia. Ndiyo maana bondia hana shabaha ya kuwa mwepesi tu. Shabaha yake ni kwamba kila kilo aliyo nayo iwe inafanya kazi.

Jambo hilo hupatikana vipi? Kwanza ifahamike kwamba shahamu haigeuki misuli, wala misuli haigeuki shahamu. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Shahamu ni akiba ya moto mwilini, kama kuni zilizorundikwa nyuma ya nyumba. Mtu akila pungufu kidogo ya anachotumia, mwili huzichoma kuni zile. Misuli nayo hujengwa kwa vitu viwili: kazi nzito inayoishurutisha, na chakula cha kujenga mwili, yaani protini. Mwili ukipewa kazi na protini, huweza kujenga huku na kuchoma kule kwa wakati mmoja.

Lakini mwili ule ule ukinyimwa chakula kabisa, tena ukakaa bure bila kazi, hauchomi shahamu peke yake. Huila na misuli. Ndiyo sababu mtu aliyejinyima ovyo hupungua kilo nyingi, kisha akajikuta hana nguvu ya kupanda ngazi, na tumbo bado liko pale pale.

Wataalamu wameona kwamba anayefaidika zaidi na kazi hii ya mambo mawili kwa pamoja ni mtu anayeanza mazoezi, au aliyeyaacha kwa muda akarejea, hasa akiwa na unene wa kutosha. Huyo ana akiba kubwa ya kuchoma, na misuli yake ni mipya kwa kazi. Aliyekwisha kukomaa kama bondia hodari, aliye mkavu tayari, kwake ni vigumu zaidi. Hujitahidi kuilinda misuli aliyo nayo. Kwa wote wawili haraka haifai. Kupungua kiasi cha nusu kilo kwa wiki kunatosha. Anayetaka kupungua kilo 5 na ahesabu miezi miwili au mitatu, si siku kumi.

Mazoezi ya ndondi yana hikma yake katika jambo hili. Bondia hukimbia alfajiri, na kukimbia kunachoma. Huruka kamba, na kamba inachoma na kuipa miguu wepesi. Kisha hupiga gunia zito, huinua mwili wake kwa mikono, huinama na kuinuka mpaka tumbo liwe gumu kama ubao; kazi hizo ndizo zinazoiambia misuli kwamba bado inahitajika. Halafu hulala. Usingizi si uvivu kwa mtu wa mazoezi. Ni wakati wa mwili kurekebisha kilichochoka.

Kijana Wangila alikwea haraka. Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika Nairobi, naye akachukua dhahabu mbele ya watu wa mji wake. Mwaka uliofuata akasafiri na timu ya Kenya kwenda Seoul, akiwa na umri wa miaka 21 tu.

Michezo ile ya Seoul ilikuwa ya neema kwa Kenya. Katika riadha Paul Ereng alishinda mita 800, Peter Rono mita 1,500, John Ngugi mita 5,000 na Julius Kariuki mbio za kuruka viunzi na maji. Dhahabu ya tano haikutoka uwanjani. Ilitoka ulingoni.

Wangila hakuwa mtu wa kucheza kwa pointi. Alikuwa na ngumi nzito kuliko mwili wake, na wapinzani waliiona. Katika nusu fainali, Jan Dydak wa Poland hakupanda ulingoni, na Wangila akapita bila kutoa jasho. Mwanzoni mwa Oktoba 1988 akakutana katika fainali na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Boudouani hakuwa mtu wa kudharauliwa. Mwaka 1996 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa chama cha WBA. Lakini siku ile hakumaliza raundi tatu. Katika raundi ya pili Wangila alimwangusha, na kazi ikaisha.

Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Zaidi ya hayo, dhahabu zote nyingine za Kenya katika michezo hiyo zimetoka katika riadha. Ya Wangila ni moja peke yake nje ya riadha. Mwenzake Chris Sande alipata shaba katika uzani wa kati mwaka ule ule.

Wakati Wangila anapimwa na kupigana Seoul, mji ule ule ulikuwa ukitoa somo jingine. Mkanada Ben Johnson, aliyeshinda mita 100 kwa muda wa ajabu, alinyang'anywa medali kwa kupatikana na dawa ya kukuza misuli. Tena wanyanyuaji vyuma wawili wa Bulgaria, Mitko Grablev na Angel Genchev, walivuliwa dhahabu zao kwa kutumia dawa inayoutoa mwili maji kwa njia ya mkojo, na timu yao yote ikaondoka. Huyo Genchev alikuwa katika uzani wa kilo 67 na nusu, tofauti ya nusu kilo tu na uzani wa Wangila. Basi hapo, mtu mmoja alipita njia ndefu na mwingine njia ya mkato, katika mji mmoja na mwezi mmoja.

Hiyo njia ya mkato haijafungwa. Bado wapo vijana wanaovaa nguo nzito juani, wanaojifunika mablanketi, au wanaomeza dawa za kukojosha na kuharisha, ili mizani iseme wanavyotaka. Kinachotoka si shahamu, ni maji. Mtu aweza kupoteza kilo mbili au tatu kwa siku moja kwa jasho, na akinywa maji zote hurudi. Lakini kabla hazijarudi damu imepungua maji, moyo unapiga mbio, na joto limepanda mwilini. Mwaka 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walikufa katika muda wa takriban mwezi mmoja, wakijaribu kupunguza uzani kwa jasho namna hiyo. Baada ya hapo kanuni za mchezo zikabadilishwa. Sisi wa pwani, wenye jua la Januari na Februari, tusihitaji kufunzwa mara ya pili.

Na chakula je? Watu hudhani misuli hununuliwa dukani katika mikebe ya unga wa bei ghali. Hebu tutazame tena kule linakotoka jina la Wangila. Kitale ni mji wa mahindi. Kampuni ya Kenya Seed, inayotoa mbegu zake, ilianzishwa huko mwaka 1956. Ugali unatia nguvu ya kufanya kazi, lakini ugali peke yake haujengi misuli ya kutosha. Wenyeji wa huko wanalijua hilo tangu zamani, maana hawauli mkavu. Huula na maharagwe, na kuku, na dagaa wa ziwani waitwao omena, na maziwa, na mboga chungu za majani. Yai moja lina kiasi cha gramu 6 za protini. Bilauri ya maziwa ina gramu 8. Maharagwe yaliyopikwa yana gramu 8 au 9 katika kila gramu 100.

Mtu wa mazoezi anayepunguza unene huambiwa apate kiasi cha gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 67 hiyo ni gramu 107 kwa siku. Ni nyingi, lakini si za kutisha akizigawa katika milo yake. Aliye na ugonjwa wa figo au wa sukari na amwone daktari kwanza.

Nasi tunayo yetu. Samaki wa kupaka, pweza, mbaazi, kunde na mayai ni vyakula vya misuli. Taabu yetu haiko katika samaki. Iko katika mahamri matano ya asubuhi, chai yenye sukari vijiko vinne, na sahani ya pili ya wali wa nazi baada ya ile ya kwanza kutosha. Bungoma nao wana kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoanzishwa mwaka 1975, na sukari ya kule au ya kwingineko, ikizidi, hukaa kiunoni sawasawa. Dini yetu imetufunza zamani kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Anayefuata fundisho hilo hatahitaji kununua mizani.

Baada ya Seoul, Wangila hakurudi kukaa. Mwaka 1989 aliingia ndondi za kulipwa nchini Marekani. Huko mambo yalikuwa mbalimbali kabisa. Katika Olimpiki alipigana raundi tatu, kichwani amevaa kofia ya kinga. Katika ndondi za kulipwa kofia hakuna, na raundi huweza kufika 10 au 12. Ngumi yake ilibaki nzito, na watu waliitegemea impeleke kwenye ubingwa wa dunia. Katika miaka mitano alishinda mapambano 22 na kushindwa 5. Ubingwa ule hakuupata.

Ni katika miaka hiyo ya mwisho ya uhai wake ndipo alipokuwa Mwislamu.

Tarehe 22 Julai 1994 alipanda ulingoni Las Vegas kupambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa alilisimamisha pambano, akaona Wangila amepigwa vya kutosha. Mwenyewe hakukubali, alilalamika kwamba bado angeweza kuendelea. Alishuka ulingoni kwa miguu yake. Muda si mrefu hali ikabadilika, akazimia, akakimbizwa hospitali na kupasuliwa kichwa. Tarehe 24 Julai akafariki dunia. Alikuwa na miaka 26. Kilichomuua ni mapigo ya kichwa, na hapo misuli ya mwili haina la kusaidia. Hakuna zoezi linaloukaza ubongo.

Maiti ilipofika nyumbani yakazuka yale mabishano. Wapo waliotaka azikwe kwa desturi za ukoo na dini aliyozaliwa nayo, na wapo waliosema alikufa Mwislamu na haki yake ni kuzikwa Kiislamu. Suala likafika mahakamani. Mwili uliopimwa kwa kilo na gramu maisha yake yote sasa ulikuwa ukigombewa na watu wampendao, na mwenyewe hana tena usemi. Hatimaye alizikwa Nairobi kwa taratibu za Kiislamu, mbali na Seoul, na mbali na Las Vegas. Wapo waliofurahi na wapo walioumia. Na wote walikuwa wakimlilia mtu mmoja.

Katika maisha hayo mafupi yamo mambo mawili. La kwanza ni kwamba yawezekana. Mtu anaweza kupungua bila kudhoofika, akawa na kilo chache zenye nguvu nyingi. Wala haihitaji miujiza: kazi nzito mara tatu au nne kwa wiki, chakula cha kujenga mwili, upungufu mdogo wa wanga na sukari, usingizi, na subira. Vijana wa Kitale na Bungoma wanaoinua vyuma vya kujitengenezea kwa saruji na mikebe wanaweza kufika. Vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaokimbia mchangani alfajiri baada ya sala wanaweza kufika.

La pili ni kwamba nguvu ina mpaka. Bondia yule alijua kuiamuru kila kilo ya mwili wake, lakini refa alipomwambia basi, moyo wake ulisema bado. Wengi wetu tuko hivyo, ulingoni na nje ya ulingo. Mwili ukituambia umechoka, twaongeza. Ukituambia umeshiba, twaongeza. Mwili tumepewa kwa amana, na siku ya kuurudisha haitangazwi. Anayeujenga na aujenge kwa kiasi, na anayeupunguza na aupunguze kwa kiasi.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu Wangila. Aliyezaliwa na jina la njiani alisafiri mbali.